Simba dume hana ufalme, ana ndugu: uzi wa magenge ya madume, kutoka Gombe na Serengeti hadi Ugalla kwetu

Mwalimu wa Ipuli (#1)

Wakuu, mwangaluka. Na ninyi wa mwisho wa reli, mwakeye.

Kuna klipu inazunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Tabora. Simba dume kasimama juu ya kichuguu, upepo unampeperusha manyoya ya shingoni, chini wameandika "mfalme hahitaji mtu". Vijana wameijaza kwenye stetasi, na juzi nimeisikia hata kwenye nasaha za harusi. Mimi nafundisha bayolojia, kunyamaza siwezi. Dume aliye peke yake porini hana ufalme wowote. Huyo hulala jicho moja wazi. Hata kunguruma anajizuia: kule Serengeti watafiti walikuta madume wasio na himaya wanakaa kimya, kwa sababu ngurumo ya simba hufika hata kilomita nane, na kujitangaza wakati huna wa kukusaidia ni kuwaita wauaji wako.

Mwenye ufalme ni genge. Ninalotaka kusema kwenye uzi huu ni moja, mengine yote ni maelezo yake: watoto wa simba wanaishi au wanakufa kutegemea baba zao wako wangapi pale mpakani, si kutegemea ukali wa mmoja. Mkilishika hilo mtaona kwa nini risasi moja, au kipande kimoja cha nyama yenye sumu kwenye mapori yetu haya, huua simba ambao aliyefanya hivyo hajawahi kuwaona.

Tuanze na ardhi. Ardhi ni ya majike. Binti wa simba mara nyingi hubaki alipozaliwa, na mama yake, mama zake wadogo na bibi yake. Mtoto wa kiume, akishafika miaka miwili mpaka mitatu, lazima aondoke. Mara nyingi anaondoka siku madume wageni wanapoingia. Haondoki peke yake akipata bahati. Majike wa kundi moja huzaa kwa kukaribiana, watoto wananyonyeshwa pamoja, kwa hiyo wavulana wa rika moja wanakua kama tumbo moja na wanatoka pamoja. Genge linazaliwa hapo. Watazurura mwaka, miwili, wakila mizoga ya wengine na kukwepa wenye nchi, mpaka wakipata miili ya kutosha ndipo wanajaribu kupindua.

Wakishinda, wanakaa muda gani? Kwa kawaida miaka miwili, mitatu. Dume ni mpangaji: anaingia, anakaa, siku moja anatolewa na vitu vyake. Sasa pigeni hesabu. Mimba ya simba ni siku 110 hivi. Mtoto anahitaji karibu miaka miwili kabla hajaweza kujitegemea. Ukitoa muda wa kuingia na kuzoeana na majike, utaona genge linalokaa miaka miwili linaambulia uzao mmoja, tena kwa shida. Likikaa minne, mambo ni mengine kabisa. Na kinachoongeza muda ni idadi. Madume watatu huwatoa wawili. Watano huwatoa watatu.

Naendelea jioni. Maswali yaje.


Dagaa wa Kibirizi (#2)

Mwakeye mwalimu. Naweka mkeka hapa, nina karanga zangu. Ila kichwa cha habari umeandika Gombe. Gombe tuna sokwe, simba ametoka wapi? Au umetuita tu uzi upate wachangiaji?


Mwalimu wa Ipuli (#3)

Dagaa, Kigoma mnajidharau sana. Mwaka 1970 binti wa Kiingereza anaitwa Anne Pusey alifika Gombe kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall, akafuatilia jinsi sokwe wa kike wanavyohama kwao wakishapevuka. Mwaka 1972 akaja kijana wa Kimarekani, Craig Packer, yeye akashughulika na nyani. Mwaka 1977 Packer akachapisha kwenye jarida la Nature alichokiona huko kwenu: nyani dume wawili wanaungana kumnyang'anya wa tatu jike, na anayesaidia leo ndiye anayesaidiwa siku nyingine. Mwaka uliofuata, 1978, wote wawili wakahamia Serengeti kuuendeleza utafiti wa simba ambao George Schaller aliuanza mwaka 1966. Waliokuja kutufafanulia magenge ya simba, macho yao yalizoea madume wanaoungana pale pale, mwendo wa boti kutoka ufukweni kwenu.

(Pembeni kidogo: Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku wakateka vijana wanne wa utafiti pale Gombe. Baadaye wote waliachiwa wakiwa hai, lakini wageni waliondolewa kwa muda mrefu, na daftari za sokwe zikaendelea kuandikwa na Watanzania wa vijiji vya jirani. Hao hawasifiwi inavyostahili.)

Sasa linganisha. Sokwe dume habanduki kwao, jike ndiye anayehama. Kwa hiyo genge la sokwe linapigania ardhi ya babu yao. Kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la sokwe la Kasakela pale Gombe waliwamaliza wale wa kundi la Kahama (si Kahama mjini), sokwe waliokuwa nao kundi moja miaka michache nyuma. Simba ni kinyume. Genge la simba linapigania ardhi ya wakwe. Hawana pa kurudi wakishindwa, nadhani ndiyo maana vita vyao haviishi kwa vitisho tu.


Binti wa Urambo (#4)

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto. Nijibu bila kuzunguka. Ni kweli madume wapya wanaua watoto wote? Na mama mtu anakubalije kukaa na muuaji wa wanawe?


Mwalimu wa Ipuli (#5)

Ni kweli, dada yangu. Si wote kila mara, lakini wachanga wana nafasi ndogo sana ya kupona. Serengeti, takriban robo ya vifo vya watoto wa simba inatokana na madume wapya. Sababu ni ile hesabu ya kwanza. Jike mwenye mtoto mdogo hashiki mimba. Atakaa mwaka na nusu au zaidi kabla hajarudi kwenye joto. Akipoteza watoto, anarudi ndani ya siku au wiki chache. Genge lenye miaka miwili mkononi haliwezi kusubiri mwaka na nusu likilea watoto wa waliofukuzwa.

Ila usidhani majike wanakaa wanatazama. Kwanza, jike akizaa huwaficha watoto kwenye kichaka au mawe wiki sita hivi kabla ya kuwaleta kwa wenzake. Pili, wanapigana, na wanapigana kwa pamoja. Jike mmoja hawezi kumzuia dume, kwa uzito tu anazidiwa. Wawili watatu wakisimama kwa wakati mmoja, wakati mwingine watoto wanapona. Packer anashikilia kwamba hii ndiyo sababu kubwa ya simba kuishi kwa makundi, kulinda watoto na ardhi, kuliko ile ya kuwinda pamoja tuliyokaririshwa shuleni. Tatu, mwenye watoto wakubwa kidogo huwachukua akahama nao, anaishi pembezoni kama mkimbizi mpaka wajiweze.

La nne ndilo linalonifurahisha kama mwalimu. Baada ya mapinduzi jike anajamiiana na wageni kwa miezi kadhaa bila kushika mimba. Mwili umefunga mlango. Kelele zote hizo za kujamiiana zinavuta madume wengine, wanapigana, na anayebaki ni genge lenye nguvu ya kudumu. Hapo ndipo mimba zinaingia, karibu wote kwa mara moja, watoto wanazaliwa wakilingana na kulelewa pamoja. Kwa hiyo swali lako la "anakubalije", jibu langu ni kwamba hakubali haraka. Anamfanyia usaili.


Tanboi wa Nzega (#6)

Mwalimu, wote hao ni watoto wadogo kwa MAPOGO. Nimeangalia YouTube mpaka bando limekata. Wale walikuwa sita, wameua simba zaidi ya mia, walikuwa wanakula mpaka simba wenzao. Wawekee watu hiyo.


Mwalimu wa Ipuli (#7)

Haya, Tanboi, umeichokoza.

Mapogo walikuwa Afrika Kusini, eneo la Sabi Sand, linalopakana na hifadhi ya Kruger bila uzio kati yao. Madume sita. Jina walipewa na watu, kutokana na kikundi cha ulinzi cha huko kilichosifika kwa kuwachapa wezi. Watano walizaliwa kundi moja. Wa sita, Makulu, alikuwa mkubwa kuliko wao na alijiunga nao kutoka nje. Mwaka 2006 wakaanza kuchukua himaya moja baada ya nyingine mpaka wakashika sehemu kubwa ya eneo lile. Hiyo "zaidi ya mia" ni makadirio yanayorudiwa sana, na wengi katika hao ni watoto. Mimi siipigii debe namba yenyewe, maana hakuna aliyekuwa anahesabu mizoga usiku. Kwamba waliua kwa kiwango ambacho waongoza watalii wa kule hawajawahi kukiona, hilo halina ubishi.

Ila tazama walivyoanguka, ndipo somo lilipo kwa wale wa klipu ya kichuguu. Sita wakigawanyika, hawawi tena sita. Wawili, Mr T na Kinky Tail, walijitenga wakaenda kushika upande wa mashariki, wanne wakabaki magharibi. Juni 2010 likaingia genge jipya la madume watano, Majingilane. Mr T na Kinky Tail wakamkamata mmoja wao wakamuua. Mtu angesema wameshinda. Wale Majingilane wanne waliobaki wakarudi, wakamkuta Kinky Tail, wakamwangusha. Mr T akanusurika akakimbilia kwa kaka zake magharibi, na alipofika akaanza kuua watoto wa kaka zake wenyewe. Watu walimwita Shetani. Mimi naona alikuwa anafuata hesabu ile ile, safari hii ndani ya nyumba. Mwaka 2012 naye akauawa na madume wanne wa genge la Selati. Miaka sita, kwisha.

Na kabla hamjaniambia hayo ni ya Afrika Kusini: Machi 2023 hapa Serengeti aliuawa Bob Junior, yule dume mwenye manyoya meusi ambaye kila mtalii alikuwa anataka kupiga naye picha. Alishika himaya yake takriban miaka saba pamoja na ndugu yake, waongozaji wakiwaita Snyggve na Tryggve. Miaka saba kwa madume wawili ni mingi mno. Umri ukamkuta, vijana wakamkuta. Mtandaoni watu walilia kana kwamba kuna jinai imetendeka.


Dagaa wa Kibirizi (#8)

Huyo Makulu amenishangaza. Kwa hiyo si lazima wawe ndugu? Mtu baki anaaminiwaje?


Mwalimu wa Ipuli (#9)

Swali la mtu anayefikiri. Serengeti walikuta hivi: genge likiwa na madume wanne na kuendelea, kwa kawaida ni ndugu watupu. Likiwa la wawili au watatu, mara nyingi utakuta mtu baki ndani. (Mapogo na Makulu wao walikwenda kinyume, mnyama hasomi vitabu.)

Kwa nini? Mwaka 1991 Packer, Pusey na wenzao walichapisha matokeo ya vinasaba. Kwenye genge la wawili, watoto wanagawanyika vizuri tu. Genge likiwa kubwa, wachache wanazaa sana, wengine hawaambulii kitu. Sasa kama wewe huzai lakini anayezaa ni kaka yako, watoto wale wana damu yako, vita vyako havijapotea. Kama ni mtu baki, umepigana bure mpaka kufa. Kwa hiyo mtu baki hujiunga penye nafasi, na yeye wanamhitaji maana bila yeye mmoja ni nyama tu.

Kuhusu kuaminiwa: waliwahi kuweka spika porini wakapiga ngurumo zilizorekodiwa za madume wageni. Madume wenyeji walizifuata sauti zile, hata pale walipokuwa wachache kuliko zile ngurumo, na wasio ndugu hawakutegeana kuliko walio ndugu. Jaribio kama hilo kwa majike lilitoa vituko zaidi. Majike walisikia tofauti ya mgeni mmoja na wageni watatu, na walijipima kabla ya kwenda: sisi tuko wangapi? Tena kuna majike ambao kila siku wanatangulia, na wengine ambao kila siku wanakawia nyuma wakisubiri waone matokeo. Waliotangulia wanawageukia kuwatazama, lakini hawawaadhibu. Kila mtu na ofisi yake aelewe anavyotaka.


Mzee wa Sikonge (#10)

Vijana, nimesoma. Mimi nilikuwa msoma nyayo kwenye kambi za uwindaji wa kitalii Ugalla, kabla halijawa hifadhi ya taifa. Nitasema nililoliona.

Mwindaji bingwa akija na mgeni wake, mgeni anataka manyoya. Haulizi lingine. Dume mwenye manyoya mengi meusi, basi, huyo huyo. Sisi tuliambiwa tuangalie pua. Simba mdogo pua yake ni ya pinki. Akikua inaingia madoa meusi kidogo kidogo, akifika miaka mitano hivi zaidi ya nusu imeshakuwa nyeusi. Lakini pua unaionaje kwa mbali, jua linazama, mgeni amelipa fedha nyingi na ndege yake ni kesho? Nimeona pua za pinki zikipakiwa kwenye gari. Sikusema, mimi nilikuwa msoma nyayo.

Na baada ya dume kupigwa, ukirudi pale miezi michache mbele unaona nyayo ngeni, na zile nyayo ndogo ndogo hazipo. Hatukuwa na elimu ya kueleza. Tulijua tu hazipo.


Mwalimu wa Ipuli (#11)

Shikamoo mzee. Post yako ndiyo uzi wenyewe, mimi nimekuwa nikiuzunguka.

Hiyo habari ya pua ilitokana na utafiti wa Serengeti na Ngorongoro, ukachapishwa mwaka 2004. Hoja yao ilikuwa hivi: ukiwinda madume waliovuka miaka mitano au sita tu, idadi ya simba haishuki sana, kwa kuwa huyo ameshakaa na watoto wake mpaka wakakua. Ukimpiga wa miaka mitatu au minne, umempiga baba aliyeingia jana. Nduguye aliyebaki anasukumwa nje, wageni wanaingia, watoto wote chini. Risasi moja, lakini hesabu ya mwisho hujui. Baadaye Tanzania ikaweka kanuni kwamba dume awindwe akiwa na miaka sita au zaidi. Ugalla ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019 uwindaji ndani yake ukaisha, lakini Moyowosi bado ni pori la akiba, na simba hana ramani.

Kuhusu manyoya, mgeni yule hakuwa mjinga kabisa. Mwaka 2002 Peyton West na Packer walitumia midoli ya simba yenye ukubwa wa simba halisi, mmoja manyoya meusi, mwingine ya rangi hafifu. Majike walimwendea mweusi. Madume walimkwepa mweusi. Weusi unaonyesha homoni nyingi na mlo mzuri, ila mwenye nao anateseka na joto. Kwa hiyo mwindaji anayechagua manyoya meusi anachagua yule yule ambaye majike wamemchagua kulea nao. Kule Tsavo, Kenya, madume wengi karibu hawana manyoya na bado wana makundi yao, kwa hiyo msije mkaanza kudharauliana.


Ng'wana wa Kaliua (#12)

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima tangu juu. Lakini wewe unalala Ipuli penye taa. Mimi ng'ombe wangu wanalala kwenye boma la miiba, na usiku ule zizi likivunjwa, hakuna anayeniuliza pua yake ilikuwa rangi gani. Kwetu Usukumani aliyeua simba alikuwa anapambwa, anatembezwa kwa ndugu na majirani akicheza, hapa anapewa mtamba, pale hela. Yule alikuwa ameokoa mali ya wengi. Leo unataka aitwe muuaji wa watoto?


Mwalimu wa Ipuli (#13)

Kaka, sikuiti hivyo, wala sina haki ya kukufundisha uchungu wa ng'ombe.

Ila desturi yenyewe unaijua kuliko mimi: aliyepambwa ni aliyemuua simba aliyeingia zizini. Kilichokuja kuharibika, Katavi imeandikwa sana, ni vijana kwenda kumtafuta simba ndani ya pori, ambaye hajala hata mbuzi wa mtu, ili tu wapate hiyo mitamba. Wazee wenyewe walilalamika.

Na ukinivumilia nikuambie ni simba gani kwa kawaida anakuvunjia zizi. Mara nyingi ni wale vijana wa kiume waliotolewa kwao, miaka miwili mitatu, hawana himaya, kuwinda bado hawajakamilika, porini kote kuna wenye nchi wanaowafukuza. Wanasukumwa pembeni mpaka wanaingia kwako. Ukipasua himaya iliyotulia kwa kumuua dume mkubwa, mapinduzi yanafuata, na kila mapinduzi yanatema vijana wengine nje. Sumu ndiyo mbaya kuliko yote, maana haichagui: anakula dume, wanakula majike, anakula fisi, wanakula tai. Miombo ya Tabora simba ni wachache kwa eneo ukilinganisha na Serengeti. Kundi likifa huku, dume wa kuja kujaza pengo hayuko karibu.

Kukaa kwa wachache kuna ubaya mwingine. Mwaka 1962 inzi wa kung'ata walilipuka bonde la Ngorongoro, simba wakabaki kama kumi hivi. Wakaongezeka tena, lakini kutokana na wazazi wachache, na magenge makubwa yaliyozaliwa mle ndani yakawa yanawazuia wageni kuingia. Simba wakajaa, damu ikabaki ile ile. Hata genge lenye nguvu linaweza kuwa mkosi kwa ukoo wake.

Fidia najua utaniuliza. Kanuni za 2011 zina kifuta jasho kwa mifugo iliyouawa na wanyama wakali.


Ng'wana wa Kaliua (#14)

Kifuta jasho nimejaza fomu. Jasho limeshakauka lenyewe.

Lakini hilo la vijana waliofukuzwa nimelielewa, maana wale waliokuja kwangu walikuwa wawili, manyoya yao ndiyo kwanza yanachipua, na waliua ng'ombe vibaya, kwa kuhangaika, si kama simba anayejua kazi. Ukuta wa boma nimeongeza. Simwahidi mtu kitu kingine.


Mzee wa Sikonge (#15)

Kijana wa Kaliua, usitumie miiba mikavu peke yake. Panda miti hai ya uzio, iote pamoja. Simba akimwona ng'ombe anahangaika ndani, na ng'ombe akimnusa simba, ng'ombe ndiye anayevunja boma kwa kukimbia. Asiweze kuona ndani, umeshapunguza nusu ya shida.


Tanboi wa Nzega (#16)

Mwalimu, la mwisho kwangu. Ni kweli dume hawindi, anasubiri jike alete? Wife ameitumia hiyo hoja dhidi yangu.


Mwalimu wa Ipuli (#17)

Mwambie mama watoto hapana. Dume anawinda vizuri, ila anavizia kichakani, na watu wamezoea kuwatazama majike wakiwinda penye uwazi. Nyati mzima mara nyingi huhitaji uzito wa dume. Tena madume wanakaa muda mwingi mbali na majike, wakitembea mpaka usiku kucha, wanakojolea vichaka na kunguruma. Huko wanajilisha wenyewe. Wakirudi kwenye nyama ya majike, hapo ni kweli, hawana adabu.


Dagaa wa Kibirizi (#18)

Nafunga na la kwetu. Mahale simba wapo, wazee wa Mgambo na Katumbi wanasema. Na sokwe wapo. Hawa wawili wakikutana? Maana wote wana magenge.


Mwalimu wa Ipuli (#19)

Dagaa, hili nililisubiri mtu alilete. Mwaka 1989 simba waliingia eneo la sokwe ambao Wajapani wamekuwa wakiwafuatilia Mahale tangu 1965. Mtafiti Tsukahara akawa anaokota kinyesi cha simba, na ndani yake akakuta manyoya, mifupa na meno ya sokwe. Alichapisha mwaka 1993, na ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba simba wanakula sokwe.


Dagaa wa Kibirizi (#20)

Kwa hiyo genge la sokwe halifui dafu hata kwa simba mmoja?


Mwalimu wa Ipuli (#21)

Kwa chui wanathubutu. Hapo hapo Mahale waliwahi kulizingira pango la chui wakiwa kundi, wakapiga kelele, wakamtoa mtoto wa chui wakamuua, mama yake akiwa ndani ananguruma. Kwa simba walipiga mayowe na kupanda juu ya miti.